Gari la Michezo la Mkononi na Bei ya Ukweli

Bei ya gari lililotumika ni waraka wa kisiasa. Ndani yake mna sheria za ukaguzi za Japani, thamani ya dola, viwango vya kodi vilivyopitishwa na Bunge letu Dodoma, hofu ya mnunuzi na subira ya muuzaji. Watu wengi huuona waraka huo kila siku, umeandikwa kwa herufi nene kwenye kioo cha gari lililoegeshwa kando ya Barabara ya Bagamoyo, lakini husoma tarakimu ya mwisho tu. Mwaka jana nilipata sababu ya kuusoma mstari kwa mstari. Kwa muda wa miezi minne nilitafuta gari la michezo lililotumika, na katika utafutaji huo nilijifunza kuhusu nchi yangu mambo ambayo sikuyapata katika semina nyingi za utawala bora nilizohudhuria.

Najua swali la kwanza la msomaji: mwalimu wa chuo kikuu, mwenye umri wa miaka arobaini na ushei, anataka gari la michezo la nini? Swali hilo ni halali, na mama watoto aliniuliza kabla yako. Aliuliza hivi: "Unanunua gari au unanunua ujana?" Fedha zenyewe zilitokana na malimbikizo ya mshahara baada ya kupandishwa cheo, malimbikizo yaliyolipwa yakiwa yamechelewa kama yalivyo malimbikizo ya watumishi wengi wa umma. Baada ya karo na deni la kuezeka nyumba, zilibaki shilingi milioni 15. Tulikubaliana mezani kwamba hicho ndicho kikomo, na kwamba senti ya ziada haitatoka kwenye fungu la kiwanja cha watoto.

Kuhusu ujana, sikukana. Kizazi changu kilikua kikisikia habari za Safari Rally redioni. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati mipaka ya nchi zetu ilikuwa bado mistari ya mkoloni. Shekhar Mehta aliyashinda mara tano, na ushindi wake wa kwanza, mwaka 1973, aliupata kwa Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili ambalo mtu angedhani limetengenezwa kwa lami laini tu. Mwaka 1997, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza ya buluu. Nilibandika picha ya gari lile, iliyokatwa gazetini, ndani ya mfuniko wa sanduku langu la bweni. Picha ile ilikuwa na bei yake, nami nilikuja kuiona baadaye sokoni: kila kijana aliyeitazama miaka ile sasa ni mtu mzima mwenye kipato, na wote tunagombea magari yaleyale machache.

Hapa kwetu tunaposema gari la michezo, au gari la spoti kama wasemavyo vijana, mara nyingi hatuna maana ya Ferrari. Tuna maana ya Subaru Impreza WRX, Toyota Celica, Mazda RX-8, Nissan Fairlady Z, na hasa Toyota Altezza. Hayo ndiyo yanayofikika kwa mtu wa mshahara, tena yalifikika kwa sababu ambazo hazikupangwa na sisi.

Tuanze na chanzo. Japani ina ukaguzi wa lazima wa magari. Gari dogo la binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao, una gharama. Mwenye gari anapoona gharama inamkaribia, huona afadhali alipeleke mnadani na kununua jingine. Matokeo yake ni maelfu ya magari mazima yanayohitaji mwenyeji. Sisi, kama Wajapani, tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wao uko kulia kama wetu. Hivyo yale yasiyotakiwa Yokohama yanapata heshima Tabata.

Halafu kuna sarafu. Mwaka 2021 dola moja ilinunua takriban yeni 110. Katikati ya mwaka 2024 ilinunua karibu yeni 160. Kwa mwenye dola, gari la Japani lilishuka bei bila muuzaji kuombwa punguzo. Lakini mnunuzi wa Dar es Salaam hana dola, ana shilingi, na katika kipindi hichohicho shilingi yetu ilitoka kwenye takriban 2,300 kwa dola hadi zaidi ya 2,600. Sehemu ya neema iliyotoka Tokyo ikapotelea njiani. Mtu aliyekaa kijiweni akishangaa kwa nini magari hayashuki bei ilhali "yeni imeanguka," alikuwa anauliza swali zuri la uchumi wa fedha, na jibu lake lilikuwa kwenye noti iliyo mfukoni mwake.

Gari likifika bandarini huanza sura ya pili ya waraka, nayo ni ya kodi. Mamlaka ya Mapato, TRA, haiitegemei ankara yako peke yake. Ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya gari kwa aina, mwaka na ukubwa wa injini, na mwananchi anaweza kuuangalia kwenye tovuti yao kabla hajaagiza. Nilikaa usiku mmoja nikafanya hesabu kwa viwango nilivyovikuta, kwa mfano wa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 na injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, ambalo thamani yake hadi bandarini imekadiriwa kuwa shilingi milioni 10.

Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 2,500,000. Sasa gari ni la milioni 12 na nusu. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, yaani shilingi 625,000, na ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, yaani shilingi 3,750,000. Jumla yote hiyo inatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani shilingi 3,037,500. Ukijumlisha unapata shilingi 9,912,500 za kodi kwa gari la shilingi milioni 10, kabla ya tozo ndogo za reli na za kuchakata nyaraka, ada ya usajili, gharama za bandari na ujira wa wakala wa forodha. Kwa lugha nyepesi, unanunua magari mawili na kuondoka na moja.

Gari lenye thamani ileile na injini ileile, lakini lenye umri wa chini ya miaka 8, halitozwi ushuru wa uchakavu. Kodi zake kuu ni shilingi 5,487,500. Tofauti ni shilingi 4,425,000. Hoja ya watunga sera inaeleweka: magari makuukuu huchafua hewa, huharibika barabarani na hugeuka vyuma chakavu mapema. Sibishani na hoja hiyo. Ninachouliza ni nani anayelipa. Mwenye uwezo wa kununua gari la mwaka juzi hupita lango bila kutozwa ushuru huo. Anayeulipa ni yule ambaye mfuko wake unamfikisha kwenye gari la mwaka 2005 tu. Ikiwa lengo ni hewa safi, tungepima moshi unaotoka kwenye bomba. Tumechagua kupima mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu mwaka ni rahisi kuusoma kwenye karatasi.

Majirani zetu wamechagua njia nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilifunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi. Afrika Kusini, yenye viwanda vyake vya kuunda magari, kwa jumla haitaki magari yaliyotumika yaingie kwa biashara. Kwa hiyo Altezza, ambayo Toyota iliiunda kati ya mwaka 1998 na 2005, haiwezi tena kuingia Nairobi. Zilizoko ndizo hizo, na kila moja inayogonga mwamba wa daraja inazipandishia bei zilizobaki. Hapa kwetu bado zinaweza kuingia kwa kulipiwa. Wao wameweka ukuta, sisi tumeweka geti lenye mtoza ushuru.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba hata sheria ya Marekani imekaa ndani ya bei za yadi zetu. Mwaka 1988 Wamarekani walipitisha sheria iliyofanya iwe vigumu mno kuingiza gari ambalo halikuundwa kwa viwango vyao vya usalama, isipokuwa likitimiza miaka 25. Nissan Skyline GT-R ya umbo la R32 ilizinduliwa mwaka 1989, hivyo ikaruhusiwa kule kuanzia mwaka 2014. Ya umbo la R34 ilizinduliwa mwaka 1999, ikaruhusiwa kuanzia mwaka 2024. Kabla ya hapo Mmarekani alikuwa akizitazama kwenye sinema na michezo ya video tu. Sasa anazinunua, na anaponunua yeye, bei inapanda kwa kila mtu duniani. Mwaka 2021 Toyota Supra iliyotumika katika filamu za The Fast and the Furious iliuzwa mnadani Las Vegas kwa dola 550,000. Chuma kile hakikuwa na dhahabu ndani yake. Kilichonunuliwa kilikuwa kumbukumbu. Ndiyo maana gari la kawaida hushuka bei kila mwaka hadi kifo chake, lakini baadhi ya magari ya michezo hushuka, hutulia, kisha hupanda tena. Nilipotambua hilo niliondoa Supra na Skyline kwenye orodha yangu bila majonzi. Milioni 15 hazikuwa na la kuzungumza nazo.

Nikabaki na mbili: Impreza WRX na Altezza ya RS200, ile yenye injini ya silinda nne na gia sita za mkono. Kuna Altezza nyingine yenye silinda sita, laini na tulivu zaidi, ambayo huwa na nguvu farasi 160 hivi. RS200 ya gia za mkono ina 210 kutoka kwenye injini ya ukubwa uleule wa lita mbili. Kwa jicho la mpita njia ni gari moja. Kwa bei si gari moja, na muuzaji asiyejua hukuuzia ya pili kwa bei ya kwanza, na anayejua hufanya kinyume chake.

Hapo ndipo nilipoingia rasmi katika soko la ndani, ambalo lina Kiswahili chake. "Injini ya kuwasha na kuondoka." "Haijawahi kufunguliwa." "Kiyoyozi baridi kali." "Kadi ipo mkononi." "Mwenye gari ana dharura." "Bei ina maelewano kidogo kwa mnunuzi wa kweli." Nilisoma matangazo ya namna hii hadi nikaanza kuyaona kama utenzi, yana mizani yake na vina vyake, na kama ilivyo kwa tenzi nyingi za kusifu, asiyesifiwa hatajwi. Hakuna tangazo hata moja lililosema gari linakunywa oili.

Soko hili pia limevumbua kipimo chake cha umri, nacho ni herufi ya namba ya usajili. Mtu hakuulizi gari limeundwa lini. Anakuuliza, "Namba gani?" Ukijibu "namba D" bei inapanda kuliko "namba C", na "namba E" inapanda zaidi. Lakini herufi ile inaeleza siku gari liliposajiliwa Tanzania, basi. Haielezi siku lilipotoka kiwandani wala lilivyotunzwa. Altezza mbili zilizoundwa mwezi mmoja, moja ikaja mapema na kusajiliwa kwa C, nyingine ikakaa Japani miaka kumi zaidi na kusajiliwa kwa E, zitauzwa hapa kama mtu na mjukuu wake. Tunalipia kibandiko. Tabia hiyo nimeiona pia katika ajira na siasa zetu, ambako tarehe ya kuapishwa huhesabiwa kama ushahidi wa upya.

Gari la kwanza nililolifuatilia kwa dhati lilikuwa Impreza WRX ya mwaka 2005, namba E, katika yadi moja ambayo sitaitaja. Bei waliyotaja ilikuwa milioni 19, na kijana wa pale alinidokeza kwamba kwa "Dokta" ingeweza kushuka hadi 15. Dashibodi ilisoma kilomita 78,000. Usukani ulikuwa umevishwa ngozi mpya. Pedali ya klachi ilikuwa imelika hadi chuma kinaonekana.

Niliomba karatasi ya mnada. Magari mengi yatokayo Japani hupita mnadani, na mkaguzi wa mnada huyapa daraja: 4 na nusu ni zuri sana, 3 na nusu ni la kuvumilika, na herufi R huashiria kwamba gari limewahi kugongwa na kutengenezwa sehemu zake za msingi. Kilomita nazo huandikwa. Kijana akaniambia karatasi ilipotelea kwa wakala. Nikanakili namba ya chesesi, na kwa ada ndogo nikaipata kumbukumbu ya mnada kupitia moja ya huduma za mtandaoni zinazozihifadhi. Daraja: R. Kilomita: 143,000.

Kwa asiyejua magari, tofauti hiyo inaweza kuonekana kama udanganyifu wa kawaida wa sokoni, kama kutumbukiza kidole kwenye mizani ya nyama. Si hivyo. Injini ya WRX ile ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na injini inakuwa imekwisha. Mnunuzi anayeamini kilomita 78,000 atajipa moyo kwamba ana safari ndefu kabla ya kuugusa mkanda huo, kumbe huenda umepitwa na wakati wake tangu Japani. Aliyerudisha namba nyuma alipandisha bei, na papo hapo alimficha mtu mwingine tarehe ya hatari yake, pengine akiwa na watoto kiti cha nyuma, mlima Kitonga mbele yake na lori nyuma yake.

Nilimwonyesha kijana ile kumbukumbu. Hakukasirika. Alisema kwa upole, "Dokta, ukisema kilomita za kweli hapa, hakuna anayenunua. Watu wenyewe ndio wanataka kudanganywa." Nimelifikiria jibu hilo kuliko nilivyofikiria vitabu kadhaa, kwa sababu lina nusu ya ukweli ndani yake.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, hasa yale mabovu ambayo Wamarekani huyaita malimau. Majarida matatu yalikuwa yameikataa. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake inaelezeka hata kijiweni. Muuzaji anajua gari lake, mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zima na bovu, anatoa bei ya katikati ili kujikinga. Mwenye gari zima anaona bei hiyo haimlipi, analirudisha nyumbani. Sokoni yanazidi kubaki mabovu, mnunuzi anazidi kuogopa, bei inazidi kushuka, na wazima wanazidi kuondoka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akerlof anatuonyesha soko ambamo nusu ya pili ya methali inabaki kweli na nusu ya kwanza inakufa. Kizuri hakijiuzi, kwa sababu hakuna mwenye macho ya kukitambua. Msomaji wangu aliye mtumishi wa umma atalitambua soko hili mahali pengine pia. Ofisi ambayo haina njia ya kumtofautisha mchapakazi na mpiga porojo itawalipa wote sawa, na baada ya miaka michache wachapakazi watakuwa wametafuta pa kwenda. Kijana wa yadi hakuumba soko lile. Amelikuta na amejifunza lugha yake. Lakini pia analilisha kila siku, na hapo ndipo nusu ya ukweli wake inapoishia.

Gari la pili sikulipata kwa dalali wa yadi. Nilielekezwa na fundi wangu wa Ilala, ambaye alikuwa amelihudumia. Lilikuwa Altezza RS200, namba C, rangi ya fedha, mali ya mzee mmoja fundi sanifu mstaafu. Nilifika kwake saa moja asubuhi, kama fundi alivyoniagiza, ili injini iwashwe ikiwa ya baridi. Injini iliyopashwa moto kabla mgeni hajafika huficha mengi: moshi wa buluu wa oili inayoungua, mlio wa vyuma unaotulia joto likipanda.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijauliza chochote akaniletea daftari la shule la kurasa tisini na sita. Ndani yake, kwa miaka kumi na mmoja, aliandika kila oili aliyobadilisha, kila plagi, bei yake, tarehe na kilomita. Mkanda wa taimingi ulikuwa umebadilishwa miezi minane iliyopita, na risiti ya duka la Gerezani ilikuwa imebanwa kwa pini. Kilomita zilikuwa 187,000. Kisha akaanza kunionyesha maradhi ya gari, moja baada ya jingine, kama mzazi anayemweleza daktari: sinkronaiza ya gia ya tatu inasumbua asubuhi, boneti limepakwa rangi upya baada ya tawi la mwembe kuliangukia, dirisha la nyuma kulia linapanda kwa kusaidiwa na mkono.

Alitaka milioni 14. Altezza za silinda sita, namba D, zenye "kilomita 90,000" zilikuwa zikitangazwa kwa milioni 11 na 12. Kwa hesabu za soko mzee alikuwa ghali. Fundi wangu alilala chini ya gari kwa muda wa nusu saa, akatoka, akafuta mikono, akasema neno moja: "Chukua." Sikuomba punguzo kubwa. Nilikwisha elewa kwamba ile milioni mbili ya ziada haikuwa bei ya gari. Ilikuwa bei ya daftari. Spence, mwenzake Akerlof, aliita kitu kama hicho ishara: jambo ambalo mwenye bidhaa nzuri anaweza kulionyesha na ambalo mwenye bidhaa mbovu angetaabika mno kuliiga. Miaka kumi na mmoja ya mwandiko uleule, kwa kalamu zilizokwisha na kubadilishwa, haitengenezwi kwa usiku mmoja.

Mtihani wenyewe ulikuja pale ambapo sikuutarajia, kwenye meza ya kuandikiana mkataba. Jirani wa mzee, aliyejitolea kutusaidia na ambaye ni mzoefu wa shughuli hizi, aliniinamia na kuniambia, "Dokta, hapa kwenye bei tuandike milioni saba. Ushuru wa stempu ni asilimia moja ya bei, na wewe ndiye unayelipa. Mzee hapotezi kitu. Kila mtu anafanya hivi."

Hesabu ilikuwa rahisi. Asilimia moja ya milioni 14 ni shilingi 140,000. Ya milioni saba ni shilingi 70,000. Ukweli wangu ulikuwa na bei ya shilingi elfu sabini. Mzee alikaa kimya akitazama daftari lake. Nilitambua kwamba jibu langu lolote lingekuwa pia jibu kwake: je, uaminifu ule wote wa miaka kumi na mmoja ulikuwa na maana kati yetu sisi wawili tu, na ukaisha pale ambapo mtu wa tatu anaitwa Serikali?

Nilisema tuandike milioni 14. Nilitoa sababu za kiutu uzima, ambazo ni za kweli. Gari likileta mgogoro kesho, mahakama itaanza kwa kusoma mkataba, nao utasema nililipa saba. Nikikata bima kubwa na gari likaungua, kampuni ya bima itakuwa na karatasi yenye saini yangu ya kunipunja nayo. Jirani aliridhika na sababu hizo. Sababu ya tatu sikuitaja mezani, naitaja hapa. Muhula uleule nilikuwa nafundisha kuhusu uwajibikaji, na wanafunzi wangu walikuwa wameandika insha kali juu ya mikataba ya umma ambayo bei zake halisi hazijulikani. Sikuona ni kwa kalamu gani ningezisahihisha.

Simhukumu jirani yule. Mtu anayeona mashangingi ya Serikali yakimpita kwenye foleni kwa kasi na king'ora, huku yeye akiwa amelipa kodi mara mbili ya uwezo wake, hujipa ruhusa ya kujirudishia kidogo anachoweza. Nimetoka kuonyesha kwamba kodi ya gari la mtu wa kawaida inakaribia bei ya gari lenyewe. Uzito huo ni wa kweli. Lakini tukiandika saba badala ya kumi na nne, Serikali haitaacha kukusanya. Itaongeza kiwango ili kufidia, na mzigo utawaangukia wale walioandika kumi na nne. Ni soko la malimau tena. Mlipakodi mkweli analirudisha gari lake nyumbani.

Kuna mambo ambayo hayahitaji tuzo ya Nobel kuyatekeleza. Kila gari linalotua bandarini lisomwe kilomita zake na namba hiyo iingizwe kwenye kumbukumbu za usajili. Isomwe tena kila umiliki unapohamishwa. Mnunuzi aweze kuiona kwa kuingiza namba ya gari, kama anavyoweza leo kuangalia kama gari lina deni la faini za barabarani. Kurudisha kilomita nyuma kushtakiwe kama kosa linaloweza kuua. Na ushuru wa uchakavu, kama kweli shabaha yake ni hewa tunayovuta, uambatane na kipimo cha moshi, ili gari la mwaka 2005 lililotunzwa lisiadhibiwe kuliko jipya linalofuka. Haya yote ni karatasi na mashine ambazo tayari tunazo, au ambazo bei yake ni ndogo kuliko ya shangingi moja.

Kwako kijana unayejiandaa kuchukua mkopo wa mshahara ili ununue gari la spoti, sina hotuba ya kukuzuia. Ninakuomba tu ukumbuke kwamba mkopo ule utakaa kwenye hati yako ya mshahara miaka mingi baada ya mlio wa ekzosi kuzoeleka masikioni. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi. Nenda na fundi anayelipwa na wewe, si na muuzaji. Dai karatasi ya mnada, na usipopewa itafute mwenyewe. Usiulize herufi ya namba kabla hujauliza daftari.

Mimi nimelianza daftari jipya. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa mzee, kwa sababu nilimwomba aandike mwenyewe kilomita za siku tulipokabidhiana. Chini yake nimeandika tarehe, oili niliyobadilisha, na bei halisi niliyolipa. Gia ya tatu bado inasumbua asubuhi, kama alivyosema.